Kiungo Bandia Kikianza Kuuma: Mwongozo wa Antibiotiki na Vipimo, Kutoka Puge hadi Chumba cha Upasuaji

Puge iko kwenye barabara kuu kati ya Tabora na Nzega. Mtu wa huku aliyewekewa nyonga au goti la bandia kwa kawaida amefanyiwa kazi hiyo mbali na nyumbani: Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Njia ya misafara ya zamani iligawanyikia Tabora, mkono mmoja ukaenda Ujiji na mwingine ukapanda kaskazini, na hadi leo safari za eneo hili ni za vituo. Kiungo bandia kikianza kuuma mwaka mmoja au mitatu baada ya upasuaji, mgonjwa anarudishwa kwa mtaalamu kituo kwa kituo, na kila kituo kina duka la dawa. Puge anapewa amoksilini. Nzega anachomwa seftriaksoni. Tabora anaongezewa siprofloksasini. Akifika kwa daktari wa mifupa maumivu yamepoa kidogo, maabara inaotesha maji ya kiungo na haipati kitu, na daktari anabaki kupasua bila kujua ni bakteria gani waliomo.

Hilo linazuilika, na sehemu kubwa ya kulizuia iko mikononi mwa watu walio karibu na mgonjwa: ndugu, muuza dawa, tabibu wa zahanati. Jambo la kushika ni kwamba kuna antibiotiki za aina mbili katika habari hii, na saa zake zinapingana. Ya kutibu, ile inayotolewa kwa sababu kiungo kinauma, isubiri hadi sampuli ichukuliwe. Ya kukinga, ile inayochomwa mgonjwa akiwa anaandaliwa kwa upasuaji, isisubiri hata kidogo. Anayezichanganya hizi mbili humwumiza mgonjwa mara mbili.

Kwanza, elewa kwa nini vidonge havimalizi kazi

Chuma, plastiki na saruji ya mifupa havina mishipa ya damu. Bakteria wakifika hapo hujishikiza na kujifunika kwa utando wao wenyewe, wa aina ileile ya ukoga unaoshika kwenye meno. Antibiotiki huwaua wanaoelea kwenye maji ya kiungo, lakini walio chini ya utando hubaki. Ndiyo maana mgonjwa hupata nafuu ya wiki mbili, kisha maumivu yanarudi, anameza dozi nyingine, na mzunguko unaendelea huku mfupa ukiliwa na kiungo kikilegea. Mara nyingi tiba ya kweli ni kupasua upya na kusafisha, au kukitoa kiungo na kuweka kingine. Antibiotiki husaidia upasuaji huo, haiuondoi.

Hatua ya 1: Mtambue mgonjwa mapema

Tabora ina makundi mawili yanayostahili kuangaliwa kwa karibu. Kuna vijana wenye selimundu, ambao kichwa cha mfupa wa paja hufa kwa kukosa damu, hivyo wanahitaji nyonga bandia wakiwa bado na umri mdogo na wataishi nayo miaka mingi. Na kuna wazee waliovunjika shingo ya paja kwa kuanguka, pamoja na watu wa ajali za bodaboda.

Kwa yeyote kati ya hao, shuku maambukizi ukiona mojawapo ya haya: kidonda kinachovuja zaidi ya siku chache baada ya upasuaji, maumivu yasiyoisha tangu siku ya kwanza, hata usiku akiwa amelala, kiungo kilichokuwa kizima kikaanza kuuma na kuvimba ghafla, hasa baada ya jipu, jino bovu au homa, au tundu dogo kwenye kovu linalotoa usaha, likifunga na kufunguka. Tundu hilo, likiwa limefika kwenye kiungo, linatosha peke yake kuthibitisha maambukizi. Halihitaji kipimo kingine ili mgonjwa apewe rufaa.

Homa si sharti. Wengi wenye maambukizi ya kudumu hawana homa kabisa, na hapo ndipo wanapoambiwa ni baridi ya mifupa.

Kiungo bandia kinachouma kisikandwe kwa maji ya moto, kisichuliwe, na kisichanjwe chale. Nalisema hili kwa heshima kwa wazee wanaojua kuunga mifupa, maana ujuzi wao ni wa mfupa wa asili. Chale juu ya kiungo bandia ni mlango wa bakteria kuingia.

Hatua ya 2: Zuia antibiotiki, tuliza maumivu

Mpe parasetamoli. Mpe fimbo au mikongojo ili asikanyagie kiungo. Antibiotiki usimpe, hata nusu dozi, hata ile aliyobakiza kutoka mara iliyopita.

Kwa muuza dawa hili ni gumu, kwa sababu mteja amekuja na fedha mkononi na anaumwa kweli. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yalianzishwa ili watu wa vijijini wapate dawa bora kutoka kwa mtu aliyefunzwa, na mafunzo hayo yana maana pale muuzaji anapokataa kuuza. Swali moja linatosha: "Mama, hili goti ni la kuzaliwa nalo au uliwekewa?" Akijibu aliwekewa, mwelekeze kwa tabibu bila kumfungashia vidonge.

Kuna hali moja tu inayovunja kanuni hii. Mgonjwa akiwa na homa kali na baridi, anachanganyikiwa, anahema haraka, au presha imeshuka, sumu imeingia kwenye damu. Hapo maisha yanakuja kwanza. Kama kituo kina chupa za kuoteshea damu, chukua damu kisha choma antibiotiki papo hapo. Kama hakina, choma na umkimbize hospitali. Andika jina la dawa, kipimo na saa kwenye barua ya rufaa.

Hatua ya 3: Andika historia ya dawa

Chukua daftari. Orodhesha kila antibiotiki aliyotumia tangu maumivu yaanze, tarehe ya kuanza na ya kuacha, na uweke maboksi matupu kwenye mfuko wa safari. Kama amemeza antibiotiki hivi karibuni na hali yake ni tulivu, daktari kwa kawaida atamwachisha kwa wiki mbili kabla ya kuchukua maji ya kiungo, ili bakteria waweze kuota maabara. Wiki hizo mbili zinaweza kupita akiwa nyumbani Puge, bila gharama ya kukaa mjini, ikiwa tu daktari atapigiwa simu na kuambiwa mapema.

Weka pamoja na daftari kadi ya upasuaji wa kwanza na stika za kiungo alichowekewa. Daktari anayerudia upasuaji anahitaji kujua ni kiungo cha kampuni gani na cha ukubwa upi, la sivyo anaweza kukosa vifaa vya kukitolea.

Hatua ya 4: Vipimo vya damu vinavyowezekana karibu

Hospitali ya Mji wa Nzega, Ndala, Nkinga, au Kitete mjini Tabora: popote atakapoanzia, omba ESR na CRP (vipimo vya damu vya kuonyesha uvimbe mwilini), picha kamili ya damu, sukari, VVU na eksirei ya kiungo. Kwa maambukizi ya kudumu, viwango vya kutia shaka ni ESR zaidi ya milimita 30 kwa saa na CRP zaidi ya miligramu 10 kwa lita. Kama upasuaji ulifanyika chini ya wiki sita zilizopita, namba hizo hazifai, kwa kuwa upasuaji wenyewe huzipandisha. Hapo CRP ya kutia shaka ni kuanzia 100 hivi.

Kwetu kuna mitego miwili ambayo vitabu vya Ulaya huitaja kwa kupita tu. Mtego wa kwanza ni malaria, ambayo hupandisha CRP juu sana. Pima malaria siku hiyohiyo. Ikiwepo, itibu, kisha rudia CRP. Wa pili ni selimundu. Chembe nyekundu zenye umbo la mundu hazipangani kama chembe za kawaida, hivyo ESR hutoka chini hata pale ambapo maambukizi yapo. Kijana mwenye selimundu na nyonga bandia inayouma asirudishwe nyumbani eti ESR yake ni 8. Kwa kundi hili pia iambie maabara ijiandae kwa salmonela, bakteria ambao huwapata sana kwenye mifupa.

Na hata bila mitego hiyo, CRP ya kawaida haimwondoi mtu kwenye orodha. Wapo bakteria wapole wanaoishi kwenye ngozi, wanaokaa ndani ya kiungo miaka bila kuamsha damu. Maumivu yakiwepo na eksirei ikionyesha kiungo kimelegea mapema, endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Maji ya kiungo, kipimo cha maana kuliko vyote

Maji haya yasichukuliwe zahanati. Yachukuliwe hospitali, na mtu aliyezoea, kwa usafi wa chumba cha upasuaji. Nyonga inataka aongozwe na altrasaundi au eksirei. Sindano isipite kwenye ngozi yenye wekundu au kidonda. Dawa ya ganzi iishie kwenye ngozi, isiingizwe ndani ya kiungo, kwa kuwa inaweza kuzuia bakteria wasiote.

Maji yakipatikana, yagawe. Sehemu iingie moja kwa moja kwenye chupa za kuoteshea damu, hapo hapo kitandani. Sehemu iingie kwenye chupa ya EDTA kwa kuhesabu chembe nyeupe. Ikibaki, chupa safi kwa darubini, na kwa GeneXpert kutafuta kifua kikuu, kwa sababu nchini mwetu kifua kikuu hukaa kwenye viungo na anayekisahau atakosea.

Tone moja lipeleke kwenye kijiti cha kupimia mkojo, kile cha kawaida ambacho kila zahanati inacho. Angalia kisanduku cha lukosaiti, subiri dakika mbili, soma rangi. Alama mbili za kujumlisha ni ushahidi mzito, na kijiti hiki kimo katika vigezo vya kimataifa tangu mkutano wa madaktari uliofanyika Philadelphia mwaka 2013. Kasoro yake ni damu: maji mekundu huharibu rangi, hivyo yazungushwe kwanza kwenye mashine na kupimwa sehemu ya juu iliyo safi. Kwa nchi kama yetu sijaona kipimo chenye thamani kubwa kwa bei ndogo kuliko hiki, na nasikitika kila ninapoona vijiti vimejaa kabatini huku mgonjwa akisubiri kipimo cha mjini.

Namba za kusoma kwenye majibu, kwa maambukizi ya kudumu: chembe nyeupe zaidi ya 3,000 kwa maikrolita, na nyutrofili zaidi ya asilimia 80. Msomaji aliyezoea goti la asili atashangaa, maana kwa goti la asili watu husubiri makumi ya maelfu. Kwa kiungo bandia 3,000 zinatosha. Ndani ya wiki sita za upasuaji, viwango hupanda hadi 10,000 na asilimia 90.

Sampuli isilale. Usiiweke kwenye friji, wala usiiache kwenye basi la jioni bila mtu aliyekabidhiwa. Kama maabara ya kuotesha iko Mwanza, ni afadhali kumpeleka mgonjwa maji yakachukuliwe hukohuko.

Hatua ya 6: Siku ya upasuaji, saa ya sindano

Hapa ndipo madaktari wenyewe walibishana kwa miaka mingi, na mabishano hayo bado yanasikika kwenye vyumba vya upasuaji.

Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 2,847 waliopasuliwa. Waliochomwa antibiotiki ya kukinga ndani ya saa mbili kabla ya kisu walipata maambukizi ya kidonda kwa asilimia 0.6. Waliochomwa mapema mno walifika asilimia 3.8, na waliochelewa hadi baada ya upasuaji asilimia 3.3. Tangu hapo hakuna ubishi kuhusu upasuaji wa mara ya kwanza.

Ubishi ulibaki kwenye upasuaji wa marudio. Madaktari wengi walisema: tukichoma kabla, sampuli tutakazochukua ndani hazitaota, basi tuishikilie sindano hadi tutoe nyama za maabara. Inasikika kama busara. Lakini mgonjwa ambaye kiungo chake kimelegea tu, bila maambukizi, anapasuliwa kwa muda mrefu bila kinga yoyote, na mara nyingi upasuaji wa marudio huchukua saa nyingi kuliko wa kwanza. Jaribio lililochapishwa mwaka 2014 liliwagawa kwa kura wagonjwa 65 ambao bakteria wao walikuwa tayari wamejulikana kwa maji ya kiungo, nusu wakachomwa kabla ya kisu na nusu baada ya sampuli. Bakteria waliota kwa kiwango kinachokaribiana katika makundi yote mawili. Dozi moja ya muda mfupi haiwezi kuufuta utando. Dozi za wiki nzima za duka la dawa ndizo zinazoficha ushahidi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: choma. Aliyefuata hatua ya 5 vizuri ana majibu ya maji mkononi na hana sababu ya kushikilia. Nafasi ya kushikilia ninayoikubali ni moja tu, pale dalili za maambukizi ni nzito, maji yameshindikana kupatikana au hayakuota, na timu imekubaliana kwa sauti kwamba sindano itatolewa dakika ileile sampuli ya mwisho inapotoka. Kushikilia bila mtu aliyepewa jukumu la kukumbusha huishia kwa sindano kusahauliwa.

Namna ya kuchoma: sefazolini gramu 2, au gramu 3 kwa mwenye kilo 120 na kuendelea, ndani ya dakika 60 kabla ya kisu. Hospitali nyingi zetu huchoma seftriaksoni kwa kuwa ndiyo iliyopo kabatini, lakini stafilokoka, adui mkubwa wa viungo bandia, hupigwa vizuri zaidi na sefazolini, na inafaa iagizwe mapema kwa ajili ya orodha ya siku hiyo. Mwenye mzio mkali au mwenye bakteria sugu apewe vankomaisini, ambayo huingizwa polepole kwa saa moja hadi mbili, hivyo ianzishwe mapema, hata wodini, ndani ya dakika 120 kabla ya kisu. Kwa goti, dawa yote iwe imeingia kabla mkanda wa kubana damu haujajazwa upepo. Ukishajazwa, dawa haifiki gotini. Sefazolini irudiwe kila baada ya saa nne upasuaji ukiendelea, au mapema zaidi damu iliyopotea ikizidi lita moja na nusu.

Saa iandikwe ubaoni. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, ina swali hilo: je, antibiotiki imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita? Orodha hiyo ilijaribiwa katika miji minane duniani, na mmoja wao ni Ifakara, mkoani Morogoro. Katika hospitali hizo nane kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Muuguzi anayeuliza swali hilo kwa sauti mbele ya daktari bingwa anafanya kazi iliyojaribiwa hata Ifakara, na asinyamazishwe.

Hatua ya 7: Sampuli za ndani

Vipande vitano au sita vya nyama, kutoka sehemu tofauti zinazogusana na kiungo, kila kimoja kwa kisu na koleo lake safi, kila kimoja kwenye chupa yake yenye jina la sehemu. Pamba za kufutia usaha hazifai. Vipande viwili vikiota bakteria yuleyule, maambukizi yamethibitishwa. Kimoja tu kikiota bakteria wa ngozi, huenda ni uchafu wa njiani. Mwenye kupeleka kipande kimoja ameitupa nafasi ya kujua tofauti hiyo. Kipande kingine kiende kwa mtaalamu wa patholojia.

Iandikie maabara wazi: kiungo bandia, otesha siku 14. Maabara nyingi hutupa sahani baada ya siku mbili au tano kama hazijaona kitu, wakati bakteria wa polepole huchukua wiki na zaidi.

Hatua ya 8: Baada ya upasuaji

Kama hakuna dalili ya maambukizi, kinga iishe ndani ya saa 24. Kuendelea siku saba "kwa usalama" hakumkingi mgonjwa zaidi, na kunawafundisha bakteria usugu.

Kama maambukizi yapo, sasa ndipo antibiotiki ya kutibu inaanza kwa nguvu zote, na hubadilishwa majibu yakitoka. Muda wake ni wiki nyingi: jaribio la Ufaransa la mwaka 2021 lililinganisha wiki 6 na wiki 12, na waliotibiwa wiki 6 walishindwa mara nyingi zaidi. Kwa stafilokoka daktari anaweza kuongeza rifampisini. Dawa hiyo isitolewe peke yake kamwe, isianzishwe kabla kifua kikuu hakijaondolewa shakani, na mgonjwa anayetumia ARV au vidonge vya uzazi wa mpango aseme, kwa kuwa rifampisini hupunguza nguvu za dawa hizo. Mkojo wake utakuwa wa rangi ya chungwa. Asiogope na asiache dozi.

Majibu ya siku ya 14 hutoka wakati mgonjwa ameshapanda basi kurudi Puge. Kabla ya kuondoka wodini, ndugu achukue namba ya simu ya kitengo, aandike tarehe ya majibu kwenye daftari lile la dawa, na siku hiyo apige. Wasipopokea, apige tena kesho yake, kwa sababu dawa anayomeza mgonjwa wakati huo ilichaguliwa kabla bakteria wake hawajajulikana.